Moto Uliotoka kwa Arafa

Olkokola, 6 Machi 1912

Kwa dada Arafa, mke wa fundi Shomari, mtaa wa chini ya boma, Arusha.

Salamu dada. Ni mimi Anyesi, jirani yako wa nyumba ya mabati, mke wa Solomoni seremala. Najua hatujawa majirani kwa muda wa kutosha kuandikiana barua, lakini mwalimu wetu wa misheni alikuwa akisema mtu aliyejifunza kuandika akikaa bila kuandika mkono unasahau. Basi nauzoeza mkono wangu kwako. Ukiona makosa cheka, kisha uendelee kusoma.

Tulifika salama. Nasieku alilala mgongoni njia nzima, akaamka tulipoingia kwenye baridi, akanitazama kwa hasira kama kwamba huu mlima nimeuweka mimi. Mama mkwe wangu, sisi tunamwita Yeyo, alikuwa ametungoja mlangoni tangu mchana, akamnyakua mtoto na mimi hata sikusalimiwa. Mguu wake bado unamsumbua, ndiyo sababu lazima nipande mimi. Mahindi kwanza, kisha maharage. Solomoni yuko Moshi, anatengeneza milango ya nyumba za reli.

Nikiwa huku naiwaza nyumba ya huko, na nikiwa huko naiwaza hii. Nimekuwa kama mtu mwenye watoto wawili, mmoja ukimbeba mwingine analia.

Lakini ile ya mjini nimeiacha kwako, kwa hiyo sina wasiwasi. Moto wake ulitoka kwako. Unakumbuka siku tuliyohamia, ulivyokuja na makaa kwenye kigae ukasema, "Shika haraka, yananiunguza, mtoto asilale kwenye baridi"? Nilimsimulia Yeyo. Alifurahi sana, akasema, basi mjini tuna mtu.

Nakuletea kibuyu cha maziwa kwa mkono wa Nanyori, yule anayeshuka na maziwa siku za soko. Atakuletea kila akishuka. Usione ajabu, ni haki yako. Kibuyu tu ukirudishe.

Mimi mdogo wako,
Anyesi, Mama Nasieku


Arusha, 17 Machi 1912

Kwa mdogo wetu Anyesi, huko kwenye baridi.

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Anayesema ni mimi Arafa, anayeandika ni mume wangu Shomari. Mimi nilisoma chuoni kwetu Pangani, herufi zangu ni za Kiarabu, na wewe hizo huzijui. Kwa hiyo ukikuta neno kali humu ujue ni la kwake. (Si kweli. Mimi ni mpole. Shomari.)

Maziwa yamefika. Ahsante sana. Ila kwa kuwa wewe ni jirani nitakwambia ukweli: yananuka moshi. Nilidhani yameungua. Shomari kanywa kibuyu chote huku ananiambia hayana neno. (Hayana neno.) Lakini usijisumbue mwanangu, kila siku ya soko ni nyingi. Jirani kumpa jirani makaa ni jambo gani la kulipwa? Na yale yalikuwa mabaki, nilikuwa nimekwisha kukaanga maandazi yangu.

Nyumba yako ipo, kufuli lipo. Mbuzi wa watu wamefanya ukumbi wako wa nje chumba cha kulala. Nikipita nawafukuza, nao wananitazama kama mimi ndiye mgeni. Jikoni kwako sijaingia, mtu haingii jikoni kwa mwenzake bila kuambiwa.

Habari ya huku ni bima. Yule tajiri ambaye Shomari anashona kwenye baraza ya duka lake ni wakala wa kampuni moja ya ng'ambo. Anaandika watu wenye nyumba za mabati. Unalipa kidogo kila mwaka, na nyumba ikiungua kampuni inakupa ya kujengea nyingine. Jina la Solomoni tumeliona, alijiandikisha kabla hajaenda Moshi. Hongereni. Kwa ule moto wa kiangazi kilichopita, ulioanzia kambini kwa wapagazi ukala upande mmoja wote wa mtaa, nani asingependa? Sisi wa nyumba za nyasi hawatuandiki.

(Nilidhani habari hii anaijua. Kama haijui, mimi nimeandika tu nilichoambiwa. Shomari.)

Mbusu Nasieku shavu la kulia, la kushoto nitalibusu mwenyewe.

Arafa


Olkokola, 24 Machi 1912

Kwa mume wangu Solomoni, Moshi, kwenye reli.

Baba Nasieku, salamu. Sisi wazima. Mvua imeshika, mahindi yameingia ardhini, na mwanao ameota jino la chini. Akiona kijiko anakiuma kwa nguvu kisha anacheka. Nakuandikia hili kwanza ili ufurahi, kwa sababu yanayofuata yananikera kidogo.

Nimesikia kwa watu wa mtaani kwamba umeiwekea nyumba yetu bima. Sikusikia kwako.

Ulipokuwa unaondoka uliniambia hivi, nakumbuka tulikuwa tumesimama pale kwenye mfereji: kiangazi kikifika na ile nyumba haina mtu wa kuisimamia, utakuja uyang'oe mabati uyauze, ukae Moshi na reli yako, nami nikae huku na mama yako. Ulisema huwezi kulala Moshi huku jasho lako linangoja kuungua Arusha. Nami nikakujibu, anayeisimamia yupo, moto tulichukua kwa Arafa. Ukatabasamu. Mimi nilidhani tabasamu lile ni kukubali.

Sasa nasikia umekwenda kwa mtu mwingine. Hivi Arafa akijua maana yake, si atasema moto wake haukututosha? Yeyo naye nimemwambia, maana siwezi kumficha kitu, hata nikinyamaza anaona. Kasema, "Mwanangu anamlipa mtu kwa moto ambao haujawaka. Anauita."

Mimi siogopi hilo. Naogopa aibu tu. Na naogopa kiangazi. Nilikuwa nimeshaona akilini jinsi tutakavyokaa sote watatu chini ya mabati yale mvua ikipiga, tusisikie hata tunayosemezana, nawe asubuhi unakwenda kazini kwa miguu na jioni unarudi. Usiniondolee hilo. Nieleze.

Mkeo,
Anyesi


Moshi, 9 Aprili 1912

Mama Nasieku wangu,

Jino moja limenifurahisha kuliko mshahara. Nimewaambia maseremala wenzangu wote, na mmoja wao, mtu wa Tanga mwenye watoto wanane, kaniuliza kama ni la dhahabu.

Nisamehe kwa bima. Sikukwambia kwa sababu nilijua Yeyo atasema neno lile lile alilolisema. Naona nimemjua mama yangu vizuri.

Sikiliza sasa, nikueleze yote. Kule juu kwetu, mtu akihamia anachukua moto kwa jirani, na yule jirani ndiye anayesimama kwa ajili ya nyumba hiyo. Ukisafiri anakuwashia, anafagia, na nyumba ikiungua yeye ndiye analeta nguzo ya kwanza na kuwaita wengine. Nawe unampelekea maziwa. Hilo najua, nimekulia humo. Lakini Anyesi, Arafa ni mtu wa Pangani. Kwao mtu akikupa makaa amekupa makaa. Je, ulimweleza? Au ulichukua kigae ukashukuru ukaondoka, naye mpaka leo hajui kwamba ana nyumba mbili?

Ndiyo maana nilitabasamu. Haikuwa kukubali. Nilikuona jinsi ulivyofurahi, nikashindwa kukuharibia.

Nayo bima ya kampuni ina sharti lake, na mimi sharti hilo linanikosesha raha. Hawataki nyumba tupu. Nyumba isiyolala mtu wanaikataa, wanasema moto ukianza hakuna wa kuuona. Baada ya mvua kubwa kuna bwana atakuja kukagua. Akikuta kufuli na mbuzi, jina letu linafutwa. Mimi nilimwambia tajiri kwamba wewe unakaa humo mwaka mzima.

Kwa hiyo nakuomba, utakaposikia bwana huyo amekaribia, shuka na mtoto ulale pale hata kidogo, kisha urudi shambani. Tukishapata cheti, yule mwenye karakana karibu na boma ananingoja, nitaacha reli nije. Tukikosa, itabidi niyang'oe mabati kabla ya ule upepo mkavu wa kiangazi utokao Nduruma kuanza kuvuma. Siwezi kuyatazama yakiungua, nimeyafanyia kazi misimu miwili.

Mumeo,
Solomoni


Olkokola, 18 Aprili 1912

Dada yangu Arafa,

Salamu kwako na kwa shemeji Shomari, ambaye naomba aisome barua hii polepole na asiongeze ya kwake.

Nimekosa, dada, na kosa lenyewe nimelijua juzi tu, kwa barua ya mume wangu. Nimekubebesha nyumba bila kukuuliza. Huku kwetu, ukimpa mtu makaa ya kwanza katika nyumba yake mpya, umekubali kusimama kwa ajili ya nyumba ile. Akiwa hayupo unamwashia moto ili nyumba isipoe, na likitokea baya wewe unakuja na nguzo ya kwanza. Ndivyo ilivyo katika kitongoji chetu, hakuna anayeelezwa, kama vile hakuna anayeelezwa kwamba mtoto hubebwa. Nilipokuona umesimama mlangoni na kigae kinakuunguza vidole, nilisema moyoni, huyu mgeni kwangu kanichagua. Kumbe ulinihurumia baridi tu.

Yale maziwa ni ya kazi hiyo. Maskini, umekuwa ukiyanywa bila kujua unalipwa. Na ule moshi si kuungua. Tunasafisha kibuyu kwa kijiti cha mzeituni wa porini kinachowaka, tunakisugua ndani mpaka kizime, kisha tunakung'uta. Ndiyo harufu yenyewe. Muulize Nanyori, atakuonyesha.

Sasa kuna bwana wa bima atakuja baada ya mvua kukagua nyumba. Akiikuta tupu jina letu linafutwa, na hapo mume wangu atabomoa. Anataka nishuke nilale pale kama kwamba ndipo ninapokaa siku zote. Nimemkatalia. Nimemwambia aende kwa tajiri aseme ukweli, kwamba tuna nyumba mbili, na mimi nakaa hii wakati wa kulima na ile wakati wa kiangazi. Na hata ningetaka kushuka nisingeweza. Mto umejaa, Yeyo haamki bila mimi, na Nasieku ana kikohozi. Si kibaya, usishtuke, anakohoa huku anacheka.

Kwa hiyo nakuuliza leo yale niliyopaswa kukuuliza siku ile. Je, utasimama kwa ajili ya nyumba yangu? Nami nitasimama kwa ajili ya yako. Ukikubali, ingia jikoni kwangu uwashe, ufunguo uko mahali ninapoweka sufuria ya kuku, unapajua.

Na kama hutaki, usione taabu ya kuniambia. Huku kwetu mtu asiyetaka hasemi, maana maneno huumiza. Hurudisha kaa lililozimika, basi, na mnabaki kusalimiana kama zamani. Sitakuwa na kinyongo. Maziwa utaendelea kuyapata, kwa sababu Shomari ameyazoea.

Mdogo wako,
Anyesi


Olkokola, 12 Mei 1912

Dada Arafa, salamu.

Nanyori amerudi jana jioni amelowa, kanipa kibuyu, hakuna barua. Nilipokigeuza nikioshe, kaa likaangukia mkononi mwangu. Dogo, limezimika.

Nimeelewa. Nakushukuru kwa kuwa ulifuata njia niliyokueleza, na ulifanya kwa upole. Usidhani nimekasirika. Nilikaa nalo kidogo, Nasieku akataka kulila, nikaliweka juu ya dari asilione. Una kazi yako, una maandazi yako, una mama mkwe. Nyumba ya watu waliokaa karibu nawe muda mfupi tu, ikufae nini?

Kwa Yeyo sijasema. Aliniuliza mtu wetu wa mjini hajambo, nikasema hajambo. Ni kweli, si ndiyo?

Kwa Solomoni naandika kesho. Nitamwambia aje achukue mabati, kwa kuwa bwana wa bima atakuta kufuli. Hatutakosa pa kukaa, hii ya huku ni nyumba nzuri, ina joto. Ila nilikuwa nimeshazoea kuwaza sauti ya mvua kule.

Huu ndio mwezi wa maharage kutoa maua. Shamba lote limekuwa jeupe na zambarau. Ukipata nafasi siku moja uje uone, kama jirani tu.

Anyesi


Arusha, 19 Mei 1912

Anyesi, mwanangu, acha kuandika kwa Moshi. Kama umeandika, mkimbilie mchukua barua. Kaa gani?

Nianze mwanzo, na Shomari aandike kama ninavyosema. (Naandika huku kidole kimoja kimefungwa kitambaa. Anajua hilo.) Hilo nalo ndilo chanzo. Sindano ya cherehani ilimpita kidoleni, akalala kitandani kama askari aliyetoka vitani, kuandika hawezi, kusonga hawezi, kula anaweza. Barua yako alikuwa amenisomea, jibu ndilo hakuweza kuliandika. Kumtafuta mtu mwingine aniandikie nikaona haya, ya kwetu mimi na wewe yasipite kinywani mwa karani. Nikasema, Anyesi ataona kazi.

Nilipoisikia barua yako nilicheka mpaka machozi, kisha nikaona aibu. Wewe unanilipa maziwa, na mimi nawafukuza mbuzi nikidhani nimefanya wema. Nikachukua ufunguo siku ile ile. Nikawasha. Na nikwambie, jikoni kwangu kunavuja tangu mvua zianze na kwako hakuvuji, kwa hiyo maandazi yangu yote nakaangia kwako tangu wakati huo. Maaskari wananunua hapo mlangoni. Mbuzi wamehama wenyewe, hawapendi moshi.

Na usiku analala humo Bi Zamda, mama yake Shomari. Alisema amechoka kulala nyumba moja na mtu anayekoroma. (Anayekoroma ni yeye.) Kachukua mkeka wake na blanketi, kaenda. Anasema mabati yana kelele mvua ikinyesha, lakini ni kelele ya heshima.

Sasa bwana wa bima. Amekuja juzi, Mdachi mwenye miwani, na tajiri nyuma yake ameshika mwavuli. Mimi nimechuchumaa, unga mpaka kwenye viwiko. Akauliza, "Wewe ndiye mwenye nyumba?" Nikasema, "Siyo, bwana. Mwenye nyumba yuko mlimani analima, ana nyumba mbili, akimaliza mavuno atashuka." Tajiri akaanza kukohoa, kikohozi cha kuniambia ninyamaze. Sikunyamaza. Wewe ulitaka ukweli usemwe, nami nikausema. Akauliza, "Basi wewe unafanya nini humu?" Nikasema, "Moto wa nyumba hii ni wangu. Ndiyo maana niko humu."

Hakuelewa. Akamtazama tajiri, tajiri akatazama mwavuli. Basi Bi Zamda akatokea ndani, usingizi haujamtoka, akamuuliza yule bwana kama amekuja kununua andazi au kuziba mlango. Bwana akauliza, huyu analala humu? Nikasema kila usiku. Akaingia, akaona mkeka, akaona mtungi wa maji, akagonga ukuta. Akatoka akasema kampuni haijali ni nani analala, bora awepo mtu wa kuuona moto na kupiga kelele. Bi Zamda akasema kupiga kelele anaweza. Akapiga moja ili bwana asikie. Jina lenu halikufutwa, Anyesi. Likaandikwa hivi, nyumba ya pili, ina mlinzi. Tena akanunua maandazi.

Kaa sasa. Nimekaa nikifikiri, kaa, kaa, kaa lipi? Kisha nikamwita Nanyori leo sokoni. Siku ile aliyochukua kibuyu nilimwambia anionyeshe kusafisha kibuyu kwa kile kijiti cha mzeituni, nikirudishe kama mnavyotaka huko kwenu, si kwa maji tu kama nilivyokuwa nafanya. Akanionyesha. Nikakazana kusugua, kijiti kikanikatikia ndani. Tukatikisa, tukatikisa, mvua ikaanza, Nanyori akasema kimetoka chote, akakimbia. Hakikutoka chote.

Nimekuumiza wiki nzima kwa ajili ya kutaka kukupendeza. Litupe hilo kaa. Au mpe Nasieku alile, nasikia kaa husafisha tumbo. (Asimpe. Shomari.)

Mimi nasimama. Na nguzo ya kwanza nimeshaichagua, Mungu apishe mbali tusiihitaji.

Arafa wako


Arusha, 20 Julai 1912

Kwa mume wangu Solomoni, Moshi.

Baba Nasieku, salamu kutoka chini ya mabati yako.

Tumeshuka. Yeyo amekuja nasi. Alisema mguu umepona, lakini nadhani alitaka kumwona Arafa kwa macho yake. Mahindi yako ghalani, na mkungu wa ndizi tumeuleta wa kwako, njoo haraka usije ukaiva bila wewe. Nyumba ya mlimani tumeiacha kwa yule jirani yetu wa siku zote, moto wake unawaka, usiwe na hofu ya huko pia.

Najua tajiri amekuletea cheti na umekishika mkononi. Kikunje vizuri, lakini nikwambie yale ambayo hayakuandikwa humo.

Nilipofungua mlango sikuikuta nyumba niliyoiacha. Niliiacha inanuka chokaa na mbao mbichi. Sasa inanuka maandazi. Ukuta wa jikoni umeingia weusi, kuna kigoda cha Bi Zamda, kuna msumari mmoja Shomari kaugonga wa kutundikia kofia yake, umepinda, utaunyoosha wewe. Nilisimama katikati na Nasieku mgongoni nikaona, nyumba hii imekaliwa. Sikuona wivu hata kidogo. Nilidhani nitaona, lakini sikuona.

Yeyo na Bi Zamda hawasikilizani lugha vizuri. Yeyo Kiswahili chake ni kidogo, na Bi Zamda Kimaasai hajui hata neno moja. Wamekaa ukumbini tangu jana, mmoja anasema, mwingine anaitikia. Nilipopita nilimsikia Bi Zamda anamwambia, "Na wangu hivyo hivyo, dada, anakoroma." Yeyo akatikisa kichwa kwa huzuni.

Lile kaa nilikuwa nimelileta, nimelifunga kwenye kitambaa, nimwonyeshe Arafa tucheke. Tumecheka. Kisha akaniomba nimpe. Nikamuuliza la nini, akasema subiri.

Leo alfajiri nimewasha moto wangu mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu nirudi, kwa makaa aliyoniachia yeye jana. Bado sijaweka hata chungu, nikasikia hodi. Ni Arafa. Kasimama mlangoni, na mkononi kile kile kigae cha siku tuliyohamia, kitupu, kimefutwa safi, ila katikati kaweka lile kaa langu bovu. Nikamwambia ingia, akasema haingii, ana haraka, kwake hakuna moto.

"Umezimika?" nikamuuliza.

"Nimeuzima," akasema. "Nimeumwagia maji mwenyewe usiku. Mwezi ujao tunakwenda Pangani, Shomari anamwoza ndugu yake, nyumba yangu ya nyasi hakuna kampuni inayoitaka. Sasa unanipa au hunipi? Shomari anangoja chai."

Nilimchagulia makaa makubwa, yaliyoshika vizuri, nikamwekea juu ya lile lililozimika. Akapuliza kidogo. Likachelewa, kisha nalo likashika. Akaondoka anakwenda upesi, anabadilisha mikono kwa sababu ya joto, nami nikasimama mlangoni mpaka nilipoona moshi umetoka kwake.

Kwa hiyo nina nyumba tatu sasa. Njoo nyumbani, kazi ni nyingi.

Mkeo,
Anyesi

Nasieku ana meno manne. Hili la nne lilitoka hapa.